Supu Ilipoa Katika Nyumba ya Mnara

Ukitoka Londiani ukapandisha upande wa msitu, utaona mnara wa mawe umesimama juu ya miti kama mtu anayechungulia shamba la jirani. Hiyo ndiyo nyumba ninayotaka kuisema. Mzungu aliijenga zamani, wakati nchi hii ilikuwa yao kwa karatasi na yetu kwa miguu. Alijenga ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wangu, akaweka madirisha membamba, na juu ya mnara akazungushia meno ya mawe. Waliosoma wanasema ni ngome, ati kwao mababu walijenga hivyo kwa sababu ya vita. Mimi nasema mtu anayeweka dirisha jembamba mahali penye baridi, ambapo jua ni la kutafutwa, huyo alikuwa anaogopa mtu. Mzungu alikwenda, nyumba ikabaki. Sasa ni hoteli. Nimelala humo na mke wangu kwenye kitanda cha nguzo nne, na sijutii.

Lakini mimi si mtu wa hoteli. Niliacha shule darasa la tatu, nikaanza kuswaga ng'ombe wa watu kutoka Chebunyo hadi soko la Siongiroi. Baadaye nikaswaga wangu. Nikanunua shamba huku juu kwenye baridi, nikapanda chai, nikajenga. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna chakula mahali fulani, mimi huuliza kwanza: nani amepika, na anataka nini?

Binti yangu kitinda mimba ndiye alileta hiyo habari. Yeye ni nesi mjini Kericho. Alikuja nyumbani Jumapili, akakaa jikoni na mama yake muda mrefu, halafu wakatoka wote wawili wakiwa wamenyamaza, nikajua kuna jambo. Kuna kijana, wakasema. Kijana ni mhasibu. Wazazi wake ni Wajaluo, watu wa ziwani. Baba alikuja Kericho akiwa kijana kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, kwa zile mashine za kukausha majani, akastaafu, akabaki. Sasa vijana wanataka wazazi wa pande mbili wajuane, na wamelipia vyumba kwenye nyumba ya mnara. Tule jioni, tulale, asubuhi kila mtu arudi kwake.

"Kwa nini hoteli?" nikauliza. "Hao watu hawana miguu ya kuja hapa?"

"Baba, ni mahali pa katikati."

"Katikati ya nini? Koito haifanywi kwa hoteli."

Koito ni yale maongezi ya kuomba binti. Huwa yanafanywa nyumbani kwa baba yake, wazee wakiwepo, na yana taratibu zake.

"Si koito, Baba. Ni kujuana tu."

"Kujuana na chakula mbele? Unajua hiyo ni nini?"

Mama yake akasema, "Wewe mzee unajua kila kitu isipokuwa kunyamaza."

Nitaeleza, maana vijana wa siku hizi hawajui. Kwetu, mtu akija kuomba binti, hakuna kula kabla maneno hayajakwisha. Maneno kwanza, mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, baadaye. Hata kama kibuyu cha maziwa kimekaa pale pembeni unakinusa, utakaa na njaa yako mpaka mkubaliane. Na mzazi wa binti akionja chakula cha upande ule kabla ya maneno, amekubali. Hawezi kurudi kesho aseme alikuwa na njaa tu. Baba yangu alinifundisha hivyo, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini.

Jioni ile binti yangu akanifuata zizini. Alisimama nje ya mlango, maana alikuwa na viatu vya mjini.

"Baba, ukimkataa, nitakutii," akasema. "Sitatoroka na mtu. Lakini usinitafutie mwingine. Nitakaa hivi hivi."

Nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini. Wasichana wangu wengine waliolewa kwa kelele, wakilia, wakitisha kukimbia, na mimi nilijua namna ya kujibu kelele. Huyu alisema pole pole kama anayempa mgonjwa dawa. Nikamwambia, "Tutaenda." Sikusema tutakula.

Siku ya kwenda nilivaa suti na kofia. Mke wangu alivaa lile gauni la harusi ya kifungua mimba, akajipaka mafuta mpaka shingo ikang'aa. Njiani hakuongea sana. Nilimkumbusha habari ya chakula: tukae, tusalimie, tuseme tumbo halitaki. Akaangalia nje, mashamba ya chai yakipita, akasema, "Nimesikia." Mtu aliyeishi na mwanamke miaka mingi anajua kwamba "nimesikia" na "nimekubali" si ndugu.

Ile nyumba, kusema ukweli, imejengwa. Nilipitisha mkono kwenye ukuta nikatafuta mahali fundi alichoka, sikupata. Ndani kuna mlango mzito wa mti wa mwerezi, ngazi inayozunguka kama utumbo wa mbuzi, na kichwa cha nyati kwenye ukuta juu ya moto. Nyati mwenyewe alikuwa mdogo. Ningekuwa mimi nimempiga huyo, singemtundika.

Chumba chetu kilikuwa ndani ya mnara wenyewe. Kitanda kirefu kwenda juu hivi kwamba wameweka kistuli cha kupandia. Mke wangu alipanda akaketi, miguu ikining'inia, akacheka kama msichana.

"Mzungu alikuwa anapandia kitanda kama farasi," akasema.

"Shuka. Tunangojwa."

"Wangoje. Nimepanda sasa hivi."

Chini, wale wazazi walikuwa wamefika. Baba mtu ni mzee mrefu, mabega mapana, suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akanyoosha mkono, akanisalimu kwa lugha yangu. "Chamgei." Alitamka sawasawa kabisa, kuliko wajukuu wangu wa Nairobi. Nikaitikia. Nikafikiri, huyu amejiandaa. Mimi sikujiandaa na neno hata moja la kwao, na hilo lilinikera kidogo. Mama mtu alikuwa mnene, mcheshi, na yeye na mke wangu walishikana mikono wasiachane tena mpaka mezani.

Meza ile! Ndefu kama josho la ng'ombe. Binti yangu na kijana ndio walipanga watu wakae wapi, na hapo nilimsifu binti kimoyomoyo. Kwetu kijana na mama mkwe hawatazamani wakitafuna, na nikaja kujua kwamba kwao pia ni vile vile. Kwa hivyo akina baba tuliwekwa mwisho mmoja, karibu na moto, kijana akiwa upande wetu. Akina mama waliwekwa mwisho ule mwingine. Na katikati binti yangu aliagiza chombo kikubwa cha maua meupe, kichaka kizima, hata ndama angejificha. Mimi sikuweza kumwona mke wangu, wala yeye kuniona. Binti alikaa hapo kwenye maua, ndiye peke yake aliyeona pande zote mbili.

Supu ikaja. Supu ya viazi vya Londiani, nyeupe, moshi ukipanda, majani ya kitunguu yakielea juu. Nilikuwa sijala tangu chai ya asubuhi. Nikaweka mikono magotini.

Nikamtazama yule mzee. Naye ameweka mikono magotini.

"Mvua huku ni nyingi," akasema.

"Ni nyingi."

"Chai inafurahi."

"Inafurahi."

Tukaongea juu ya mvua mpaka ikaisha. Supu ikapoa, ikafanya ngozi juu. Weita akaja, kijana wa adabu mwenye glavu nyeupe, akauliza, "Wazee, nitoe?" Nikasema toa. Mzee mwenzangu akasema toa. Weita akaondoa sahani mbili zimejaa, akatembea nazo kama anayebeba msiba.

Akaleta samaki. Samaki wa mto, mwembamba, amelazwa juu ya majani. Hapo niliona yule mzee amepata taabu. Alimwangalia yule samaki kama mtu anayemwona ndugu yake akipita barabarani asimsalimu. Lakini hakugusa. Mimi nikafikiri: huyu ana dharau. Mtu wa ziwani anakataa samaki? Amekataa kwa sababu mimi nimekaa hapa. Ananionyesha kwamba anaweza kuwa na kiburi kuliko mimi. Na kwa kiburi, mimi sishindwi na mtu.

"Ng'ombe wa maziwa unao?" akauliza.

"Ninao."

"Wangapi?"

"Wa kunitosha."

Samaki akaondoka. Kijana wake alikuwa ameshika uma, ameuweka chini, ameushika tena. Alikuwa hawezi kula kabla yetu. Utando mwembamba wa jasho ulikuwa juu ya mdomo wake, na huko ni baridi. Binti yangu alinitazama, akatazama upande wa pili wa maua, akanitazama tena. Macho yake yalikuwa makubwa. Nilidhani ni hofu. Ilikuwa hofu, lakini haikuwa ile niliyofikiri.

Kuku alipoletwa, mpishi alikuja naye mwenyewe. Mwanamume mfupi, kofia ndefu nyeupe, ameshika mikono mbele kama aliyeitwa kwa chifu.

"Wazee wangu," akasema, "nimepika hapa siku nyingi. Kama chakula kina kasoro niambieni, nitapika kingine. Mnataka ugali? Naweza kusonga ugali sasa hivi."

"Chakula hakina neno," nikasema.

"Hakina neno kabisa," akasema mzee mwenzangu.

"Sasa mbona sahani zenu zinarudi vile zilikuja?"

Mpishi akaangalia juu kwa yule nyati, kana kwamba yeye angesema, halafu akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Nikaona hii imefika mahali. Mimi sijui kuzunguka. Nikageuka nikamwambia yule mzee wazi wazi, "Mzee, wewe huli kwa nini?"

"Nakungoja."

"Unaningoja nini?"

"Mimi ndiye nimekuja kuomba," akasema. "Kwetu nyumbani, anayeomba msichana hatangulii kijiko. Nikitangulia baba yake, nimemdharau. Kwa hivyo nangoja ule. Nimengoja supu, nimengoja samaki. Sasa nataka kujua, wewe huli kwa sababu ni chakula cha Mjaluo?"

Alisema bila hasira, lakini alisema. Nikapenda hilo. Mtu akiwa na neno alitoe.

"Chakula ni cha hoteli," nikamwambia. "Kingekuwa cha mke wako ningekataa vile vile. Nikila kabla ya maneno, nimekupa binti. Kwetu ni hivyo."

Akatazama kuku. Akanitazama. "Kwa hivyo wewe huwezi kula kwa sababu hatujaongea."

"Ndiyo."

"Na mimi siwezi kula kwa sababu hujala."

"Ndiyo."

"Na hatuongei kwa sababu..."

"Kwa sababu unaniuliza habari ya mvua!"

Kijana wake alikohoa. Na kutoka nyuma ya maua nikasikia sauti ya mke wangu, sauti ya mtu aliyeshiba: "Mama, ongeza hii ya mchuzi. Yule mpishi anajua kazi. Huyo samaki mwingine mbona walimrudisha?"

Mimi na yule mzee tuliinama kwa pamoja, yeye upande wa kushoto wa maua na mimi upande wa kulia. Mbele ya akina mama kulikuwa na mabakuli ya supu yamefutwa kwa mkate, mifupa ya samaki, na mapaja ya kuku mawili yamebaki mifupa. Mama wa kijana alikuwa anajipangusa mdomo kwa kitambaa. Mke wangu alikuwa bado anatafuna. Hakuacha kutafuna.

"Mama watoto," nikasema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Unajua maana yake ni nini?"

Akameza kwanza. "Najua. Nani alikwambia nimesahau? Mimi ndiye nilimzaa, nikaona nianze. Wewe endelea kulinda sahani."

Moto ulipasuka kidogo kwenye kuni. Hapo ndipo nilielewa yale macho ya binti yangu: tangu kijiko cha kwanza cha supu alikuwa anaona mama yake akimtoa na baba yake akimzuia, meza moja, na yeye katikati. Sasa alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili na hanitazami tena. Anatazama sahani yake.

Mambo ya mume na mke nayajua. Ningeweza kupiga meza. Kuna wazee wa rika langu wangepiga meza, wakachukua kofia, na nyumba yote ingewasifu kwa msimamo, na yule msichana angerudi Kericho kukaa hivi hivi, kama alivyosema pale zizini. Angetii. Hilo ndilo lilinichoma, kwamba angetii.

Nikamgeukia yule mzee. "Nina swali moja, si mawili. Siku binti yangu akiwa na shida huko kwenu ziwani, mimi nitasikiaje? Huyu ni wa mwisho. Sina mwingine nyuma yake."

Alisugua goti. "Mzee, mimi nimekaa hii Kericho tangu ndevu hazijaota," akasema. "Kulikuwa na miaka mibaya, wewe unaijua, watu wakaniambia nirudi kwetu. Jirani yangu, mtu wa kabila lako, akalala nyumbani kwangu mlangoni mpaka kukatulia. Huyu kijana alizaliwa hapa, kazi yake iko hapa. Ziwani tutaenda kusalimia na kuzika. Siku binti yako akiwa na shida, utasikia siku hiyo hiyo, maana nyumba yake itakuwa hapa Kericho, si ziwani. Na kama ni mwanangu anamtesa, nitakuja mimi mwenyewe kukuambia. Hiyo naweza kuapa."

Kijana akasema, "Na mimi niko hapa, wazee."

"Wewe nyamaza," tukamwambia sote wawili.

Hapo nikacheka. Sikukusudia. Yule mzee naye akacheka, tumbo lote, mpaka yale mabega yakatikisika.

Lakini bado kulikuwa na ule ubishi wa nani atangulie. Mimi nikitangulia sawa, nimekubali, lakini sitaki kula mbele ya mtu ambaye anangoja kama mtumishi. Yeye hawezi kutangulia. Nikachukua paja la kuku kwa mkono, nikaacha uma na kisu vya mzungu vilale. Nikalipasua pale kwenye kiungo. Nikampa nusu.

"Pamoja," nikasema.

"Pamoja."

Tukauma. Kuku alikuwa baridi, mafuta yameganda, na sijawahi kula kuku mtamu hivyo. Upande wa pili wa maua mama wa kijana akapiga vigelegele ndani ya ile nyumba ya mawe, sauti ikagonga ukuta ikarudi ikiwa kubwa zaidi. Mke wangu akamjibu. Mpishi akatoka mbio akifikiri kuna moto. Alipotukuta wazee wawili tunatafuna mifupa, mikono imejaa mafuta, aliketi kwenye kiti cha karibu bila kuambiwa.

"Samaki bado yupo?" mzee mwenzangu akamwuliza. "Mrudishe. Na ule ugali uliosema, songa."

Binti yangu alikuwa analia na kucheka. Nilimsukumia chumvi, ingawa hakuiomba.

Tukakaa na moto, tukaongea sasa maneno yenyewe. Nilimwambia yule mzee asifikirie kwamba kuku wa hoteli ndiyo koito. Atakuja kwangu na wazee wake, atakaa kwenye kiti kigumu, ataulizwa maswali na ndugu zangu ambao ni wabaya kuliko mimi, na hatapewa hata maji kabla maneno hayajakwisha.

"Nitakula kabla sijatoka nyumbani," akasema. "Nimejifunza, pamwai."

Pamwai ni vile wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana kwa lugha yetu. Alilijua hilo neno na alikuwa amelifungia mpaka wakati wake. Kwa mtu wa namna hiyo ungenunua ng'ombe bila kumkagua meno.

Tulilala vizuri. Mke wangu alipanda kwa kistuli chake, akasema kitanda kinatosha watoto wote na ng'ombe mmoja, akalala kabla sijamaliza kumlaumu. Nilikuwa nimepanga kumlaumu sana.

Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa bondeni, na mashamba ya chai yalikuwa yanatokea kidogo kidogo chini yake. Mimi na mzee mwenzangu tulikaa nje kwenye ukumbi wa mawe, kila mtu na koti lake. Weita akaja na chai. Binti yangu akamwona, akamfuata, akachukua trei kutoka mikononi mwake bila kusema. Akaja nayo mpaka kwetu. Kila siku ya maisha yake, tangu alipoweza kushika birika, huyo mtoto alinimiminia mimi kwanza, hata akija askofu.

Akamimina kikombe cha kwanza, akainama, akampa baba mkwe wake. Halafu akamimina changu.

Alipoondoka, mzee mwenzangu alishika kikombe asinywe.

"Pamwai," akasema, "ametangulia kunipa mimi."

"Nimeona."

"Umekasirika?"

"Ningekasirika kama angeimwaga," nikamwambia. "Kunywa. Mimi nimechoka kuona vitu vikipoa mbele yako."